Mvua Katika Dirisha la Bernstein: Kwa Nini Filamu za Nyeusi na Nyeupe Zinahitaji Diski Bora

Kwa miaka mingi niliamini kwamba filamu isiyo na rangi haina cha kupata katika Blu-ray, diski inayobeba picha safi kuliko DVD, na kwamba DVD zangu zilitosha. Imani hiyo iliniondoka nilipoitazama upya Citizen Kane, filamu ya Orson Welles ya mwaka 1941, katika diski iliyotolewa mwaka 2011. Katika tukio ambalo mwandishi wa habari anamhoji mzee Bernstein ofisini, mvua ilikuwa ikichuruzika kwenye dirisha lililo nyuma yao. Katika DVD yangu mvua ile haikuwapo, kwa sababu usafishaji wa kompyuta ulikuwa umeyachukulia matone kuwa uchafu na kuyafuta.

Tangu hapo nashikilia kwamba filamu hizi ndizo zenye haja kubwa zaidi ya picha safi. Katika filamu ya rangi, gauni jekundu hujitenga na ukuta wa kijani hata picha ikiwa hafifu, lakini penye nyeusi na nyeupe jicho halina msaada mwingine ila mwanga, kivuli na umbile la vitu. DVD ya Marekani hubeba nukta za picha 720 kwa 480, na Blu-ray 1920 kwa 1080, yaani takriban mara sita. Katika Citizen Kane, mpigapicha Gregg Toland alihakikisha kwamba mama anapotia saini mezani karatasi za kumtoa mwanawe, mtoto huyo anayecheza thelujini nje ya dirisha anaonekana wazi kama yeye. Katika picha duni mtoto huyo hugeuka doa, na uchungu wa tukio zima hupungua.

Hata hivyo, jina Blu-ray peke yake lisikuridhishe. Kabla ya kununua, soma maelezo ya toleo ujue picha ilitolewa katika negativu, yaani filamu ya asili iliyopita ndani ya kamera, katika nakala nzuri ya milimita 35, au katika mkanda wa video wa zamani uliokuzwa tu. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni filamu tatu za Satyajit Ray, mwongozaji wa India, kuhusu mhusika aitwaye Apu. Negativu zake ziliungua London mwaka 1993, lakini mabaki yalihifadhiwa, na mafundi wa Bologna, Italia, wakayalainisha na kuyaunga kwa mkono, wakijazia sehemu zilizopotea kwa nakala nyingine, hadi filamu hizo zikarudi mwaka 2015. Katika Aparajito, filamu ya pili, mpigapicha Subrata Mitra alitandaza kitambaa juu ya ua uliojengwa studioni, akaelekeza taa kwenye kitambaa hicho ili mwanga urudi chini kwa upole kama wa mchana. Upole huo ni kazi ya sanaa, na hauonekani katika diski mbovu.

Ukiona chembechembe zikitembea juu ya picha, usidhani diski ina kasoro. Picha yenyewe imeundwa kwa chembe za madini ya fedha, na anayezifuta zote huondoa pamoja nazo ngozi, nywele na nyuzi za nguo, akaacha nyuso zinazofanana na nta. Kwa sababu hiyo nakushauri uzime katika televisheni yako vipengele vya kupunguza chembe na kulainisha mwendo, na upunguze ukali wa picha uliowekwa kiwandani. Nafasi nyeusi za kushoto na kulia ziache zilivyo, kwa kuwa filamu nyingi za wakati huo zilipigwa katika umbo linalokaribia mraba, na kuivuta picha ijaze kioo huwanenepesha watu.

La mwisho lilinigharimu fedha. Diski nyingi za Marekani zimefungwa kwa kanda A, yaani huchezwa tu katika mashine za sehemu fulani ya dunia, ilhali mashine zinazouzwa Afrika na Ulaya ni za kanda B, na diski niliyoisubiri kwa wiki kadhaa ilikataa kabisa kucheza. Muulize muuzaji kanda ya diski kabla hujalipa, au utafute toleo la Uingereza la filamu hiyohiyo.