Theluji ya Goma iko nyuma ya kanisa

Ndugu wahariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: wenzetu wa nchi za baridi wakiamka na kukuta theluji mtaani, mchana huteleza na skii, zile mbao ndefu za kufungwa miguuni, kwenye kilima cha karibu, jioni hutaniana kuhusu mahali pao pa siri pa kutelezea, ambapo hakuna anayekubali kupataja. Sisi wa Goma tungeteleza wapi?

Najua wengi watajibu Karisimbi, kwa kuwa asubuhi za mvua, mawingu yakifunguka, kilele chake huonekana cheupe kutoka hapa mjini. Weupe huo ni wa kutazama tu. Karisimbi ina mita 4,507. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi, na wastani wa joto letu ni kama digrii 19 au 20. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa digrii 6 kwa makadirio. Mita 3,000 zinakula digrii 18, kwa hiyo kule juu inabaki digrii moja au mbili juu ya sifuri. Usiku joto hushuka zaidi, mvua ya mawe na theluji nyepesi hushika majani. Jua la ikweta likichomoza, hazifiki adhuhuri. Hata jina la mlima linasimulia hivyo: linatokana na isimbi, ule ukauri mweupe. Anayeondoka Goma na skii begani atavuka mpaka, atalala njiani, na atakapofika atapokelewa na matope. Nyiragongo, volkano yetu, iko karibu zaidi lakini ina mita 3,470 tu, na ndani yake mnajua kuna nini: lava.

Barafu ya kudumu iko Ruwenzori, kwenye mpaka wetu na Uganda, kuzunguka kilele cha Margherita chenye mita 5,109. Mwanzoni mwa karne iliyopita ilifunika zaidi ya kilomita za mraba 6; kufikia mwaka 2003 haikubaki hata kilomita moja ya mraba. Tena ile ni barafu ngumu yenye nyufa, ya kupandwa kwa kamba na viatu vya meno ya chuma. Skii huteleza vizuri juu ya theluji kwa sababu msuguano unayeyusha utando mwembamba wa maji chini ya ubao, na ukingo wa chuma pembeni unapata mahali pa kung'ata. Juu ya barafu ngumu ukingo haung'ati, unakwenda unakotaka mlima. Kule Chacaltaya, Bolivia, watu waliteleza miaka mingi kwenye mwinuko unaopita mita 5,000, hadi barafu yao ikaisha kabisa mwaka 2009.

Mwenye pesa ya ndege aende kwenye viwanja vya skii: Oukaïmeden huko Moroko, au, kati ya Juni na Agosti, Afriski huko Lesotho. Lesotho sehemu kubwa ya theluji hutengenezwa na mashine: maji hurushwa kama ukungu kwenye hewa ya usiku iliyo chini ya sifuri, yakaganda kabla ya kugusa ardhi. Goma haina usiku wa namna hiyo, kwa hiyo msimlaumu SNEL, shirika letu la umeme.

Sasa hizo siri. Watu hudhani wenye skii huficha mahali, kumbe kinachofichwa hasa ni ubavu wa mlima na saa. Theluji mpya ni kama kitambaa cha meza: wa kwanza kula ndiye anayekikuta safi. Watu kumi wakipita, imeshindiliwa. Jua la mchana linailowesha, usiku inaganda kuwa kioo. Ubavu usiopigwa na jua, wenye miti ya kukinga upepo, huhifadhi theluji laini siku mbili tatu zaidi. Kwa nchi zilizo kaskazini, huo ni ubavu unaotazama kaskazini. Anayejua hivyo hana haja ya ramani, na ndiyo maana akiulizwa anacheka na kusema "pale juu kidogo".

Kwetu jibu hilo lina toleo lake. Muulize mwenye chukudu, ile skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo, anashukia wapi, atakwambia "nyuma ya kanisa". Katika mji huu, kujibiwa hivyo ni sawa na kutojibiwa. Naye pia anaficha saa kuliko njia: barabara kabla ya malori, na isiyo na bariyeri siku hiyo.

Kwa hiyo jibu langu ni chukudu. Skii zenyewe hazina kazi juu ya mawe ya lava, yatazimenya kama kiazi. Changarawe nyeusi ya volkano inateleza, na kule Cerro Negro, Nikaragua, wageni hushuka wakiwa wamekalia mbao juu ya majivu. Lakini vilima vyetu vya namna hiyo ama ni mashamba ya watu, ama viko ndani ya hifadhi, ama vinachimbwa kokoto. Tuwaachie wenyewe.

Mteremko wa chukudu huchaguliwa kuanzia chini. Anza pale utakaposimama, ndipo upande kutafuta pa kuanzia. Hapa ndipo ndugu zetu wa Bukavu wanaposhindwa: milima wanayo tele, lakini kila mteremko wao unaishia kwenye ukuta wa jirani. Ukishuka kwa kilomita 20 kwa saa, unahitaji angalau mita 40 tambarare, bila mtaro, bila soko, bila njia panda. Kwa kilomita 30 kwa saa unakwenda zaidi ya mita 8 kila sekunde, kwa hiyo zidisha hizo mita mara mbili. Ukubwa wa mteremko wenyewe si jambo la kujivunia. Asilimia 4 inamtosha anayeanza. Kuipima, chukua uzi wa mita 10, mwenzako ashike ncha moja juu ya mteremko akiigusisha chini, wewe vuta nyingine kuelekea bondeni, pandisha ncha yako hadi uzi ulale sawasawa na maji ya kwenye chupa iliyolazwa. Kama kutoka mkono wako hadi ardhini ni sentimita 40, hiyo ndiyo asilimia 4. Ikifika 80, huo ni wa wale wanaoshusha viazi na makala (mkaa) kutoka Kibumba kila siku.

Kisha kagua chukudu yenyewe. Ni mbao ngumu, mara nyingi mkaratusi, urefu kama mita 2, na magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa vipande vya mpira wa gari. Vichwa vya misumari vizame ndani ya mpira. Kimoja kikichomoza, gurudumu linaruka kila mzunguko na mpira unachanika hapo hapo. Shika gurudumu la mbele ulitikise kulia na kushoto: likicheza zaidi ya nusu sentimita, usishuke nalo. Tazama panda ya mbele pale ekseli inapopita. Ufa mdogo kama unywele juu ya tundu hilo ndio unaoangusha watu, kwa sababu ukifunga breki uzito husukumwa mbele na kuishia pale. Grisi iwekwe kwenye ekseli tu. Wenye skii hupaka nta chini ya ubao, laini kwa theluji ya joto, ngumu kwa theluji kavu, na ikizidi haiwanyimi breki. Sisi grisi ikichuruzika hadi kwenye gurudumu la nyuma, breki imekwisha.

Breki ni kipande cha mpira wa lori kinachoning'inia juu ya gurudumu la nyuma, unakikanyaga kwa mguu. Kiwe na unene wa kidole na kiguse upana wote wa gurudumu. Usikikandamize moja kwa moja kutoka juu hadi chini. Kanyaga, hesabu mbili, achia, hesabu mbili. Mpira ukikandamizwa mfululizo unapata moto, unanuka, kisha uso wake unakuwa laini na kuteleza, na hapo hata ukisimama juu yake kwa miguu miwili haushiki. Ukilowa maji mambo ni hayo hayo.

Goti moja liwe kwenye kigodoro cha ubao, mguu mwingine usukume kisha uende kwenye breki. Hapa skii na chukudu hupishana kabisa. Kwenye skii, woga humvuta anayeanza nyuma, ncha za mbele zinakuwa nyepesi na hazimtii tena. Ndiyo maana hufundishwa kuegemea mbele na kuziweka skii kama V iliyopinduliwa, ncha zikikaribiana, visigino vikisukumwa nje. Kwenye chukudu, ukiegemea mbele, shimo dogo tu linakupitisha juu ya usukani. Kaa nyuma. Kiroba cha kilo 25 kikifungwa chini, nyuma ya goti, chukudu inatulia na kuacha kurukaruka. Cha kilo 100 kinataka breki ya mtu mzoefu. Kona hukatwa kwa kulaza mwili. Ukiuzungusha usukani kwa nguvu, gurudumu la mbele linasimama kama kabari na wewe unaendelea na safari. Punguza kasi kabla ya kona, si ndani yake.

Breki ikikataa, usifuate mtaro. Kama njia ni tupu, kata barabara kwa mshazari, pembeni hadi pembeni, ukielekeza kila mara upande wa juu. Wa skii hufanya vivyo hivyo. Kama si tupu, ingia kwenye changarawe laini ya kando ya njia: itakuchubua, lakini itakusimamisha.

Mvua ikikatika, ardhi yetu ya lava hunyonya maji upesi, na watu hudhani saa imefika. Tatizo ni kokoto ndogo ambazo maji yamezikokota hadi chini ya mteremko. Zinalala juu ya lami kama gololi, pale pale unapotaka kufunga breki. Nendeni na ufagio. Na mmoja asimame chini na kitambaa chekundu, asikiinue hadi motari (waendesha pikipiki) wote wapite. Saa wanafunzi wanapotoka shuleni, pumzikeni kabisa, hata kama mteremko ni mtamu.

Mahali penyewe? Nyuma ya kanisa, kama nilivyosema. Mkipata mteremko mkaona unafanana, tazameni kwanza ukuta wa chini: ukiwa na viazi vilivyopondeka na weusi wa makala, siyo wenyewe.