Mwanangu, "yours" haina ritifaa (')

Busia, Jumapili jioni

Mwanangu,

Sisi huku hatujambo, ila mvua haituachi tuanike mahindi. Ujumbe wako nimeupata, nikacheka kwanza ndipo nikakuhurumia. Bosi kakurudishia barua yako ya forodha mara mbili: mara ya kwanza kwa "Mr. Okello and her wife", ya pili kwa "Your's faithfully". Unauliza vimilikishi vya Kiingereza vina wazimu gani.

Kosa la kwanza umetoka nalo nyumbani. Sisi husema mke wake, gari lake, kitabu chake: neno linafuata kinachomilikiwa, mwenyewe awe mume au mke halijali. Luganda nayo ni hivyo hivyo, ekitabo kyange, ennyumba yange. Mwingereza humwangalia mwenye mali. Mwenye mke ni Okello, mwanamume, basi ni "his wife". Gari la dada yako ni "her car". Kwa hiyo usidanganywe na neno linalofuata. Rudi nyuma ukamtafute mwenyewe.

Nilipokuwa nafundisha nilikuwa nachukua kalamu ya msichana mmoja, naiinua juu: "Whose pen is this?" Darasa zima, "His pen!" Msichana peke yake ndiye alilia "Mine!", na ndiye aliyepata. Wala hakusema "My!", maana "my" haitembei bila jina la kitu nyuma yake. Sisi "kalamu yangu" na "hii ni yangu" ni neno lilelile. Wao wamegawa: my pen, it is mine. Vivyo hivyo your na yours, her na hers, our na ours, their na theirs. "His" peke yake ndiyo ina huruma, haibadiliki. Na rafiki yangu mmoja ni "a friend of mine", si "of me".

Sasa ritifaa. Okello's lorry inayo, sawa. Lakini yours, hers, ours, theirs na its hazina kabisa. "It's" ni "it is" au "it has" iliyokatwa, basi. Ukiitoa ritifaa kwenye ng'ombe, ng'ombe kaharibika. Ukiitoa kwenye "your's", neno limepona.

Hiyo "its" yenyewe ni changa. Katika ile Biblia ya King James ya babu yako, tafsiri ya 1611, Mathayo 5:13 chumvi imepoteza "his savour". Usije ukaiga hiyo kwenye barua za forodha!

Ukianza na "Dear Sir", malizia "Yours faithfully". Ukimtaja mtu kwa jina lake, "Yours sincerely". Hiyo "Yours" ni kama kusema mimi ni wako.

Ukishaiandika upya nipigie picha niione kabla ya bosi. Halafu lile koti uliloliacha hapa, mdogo wako analivaa kila siku na anasema "it's mine". Ritifaa yake iko sawa. Njoo ulichukue.

Mamako