Moshi Mweusi wa Hiace Zetu za Mbeya

Mtu anayenunua Hiace ya dizeli Dar es Salaam na kuileta Mbeya hushangaa kuona gari ambalo huko pwani halikuwa na moshi likitoa wingu jeusi linapopandisha kutoka Mbalizi kuelekea Iyunga. Mara nyingi si ubovu. Jiji letu liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15, na injini za Hiace aina ya 3L na 5L, zisizo na tabo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini), huendelea kupokea dizeli ileile ingawa hewa ya kuiunguza imepungua.

Kwa kuwa nami ninamiliki daladala ya aina hiyo, ushauri wangu ni kuipeleka kwa fundi pampu kabla haijaingia barabarani, ili apunguze dizeli na kupima nozo, yaani vipuliza dizeli vya injini, kwa mashine, si kwa kusikiliza mlio. Dereva atalalamika kuwa gari limekuwa zito mlimani, na kwa kweli litakuwa zito kidogo. Kiangazi, vumbi linapozidi, chujio la hewa likaguliwe kila wiki, na asiwepo wa kulitoa ili eti injini ipumue, kwani vumbi litakula pistoni na baada ya muda utaanza kuona moshi wa bluu, ambao ni oili inayoungua na hutibiwa kwa gharama kubwa zaidi.

Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuorodhesha moshi wa dizeli miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Wanaouvuta zaidi ni makonda na wauza matunda wa Kabwe na Mwanjelwa, ambako magari husubiri abiria injini zikiunguruma bila sababu.

Kikwazo kikubwa, kwa maoni yangu, ni mfumo wetu wa hesabu, yaani fedha ambazo dereva humkabidhi mwenye gari kila siku. Dizeli hununuliwa na dereva kutokana na makusanyo ya siku, ilhali matengenezo hulipwa na tajiri, yaani mwenye gari. Kwa hiyo moshi humgharimu mmoja na tiba yake humgharimu mwingine, na tajiri asiyeumia huahirisha. Mimi na dereva wangu tulikubaliana kwamba siku ya sevisi haina hesabu, na kwamba moshi ukionekana anatoa taarifa jioni ileile. Ninapoteza mapato ya siku hiyo, lakini dereva hafichi tena tatizo kwa kuogopa kupungukiwa.