Mapipa yapo, taka bado zinachanganyika

SWALI: Ofisini kwetu tuko wafanyakazi 60. Meneja alinunua mapipa matatu: la karatasi, la chupa na la taka nyingine. Wiki ya kwanza watu walifuata, sasa kila pipa lina kila kitu. Matangazo tumebandika, na kukaripia tumekaripia. Je, tutoe zawadi kwa anayekusanya chupa nyingi zaidi?
Afisa Utawala, Ilala, Dar es Salaam

JIBU: Zawadi iache kwanza. Baki ofisini jioni uone mifuko ile mitatu inapelekwa wapi. Mara nyingi yote humwagwa katika pipa moja kubwa nyuma ya jengo, maana mkataba wa usafi unasema "kuondoa taka" basi, na mfanya usafi hajapewa pa kuweka chupa. Mwenzenu akiliona hilo mara moja tu, hatatenganisha tena, na hana kosa.

Kwa hiyo anzeni mwishoni, kwa mnunuzi. Wanunuzi wa makopo huchukua chupa za maji na soda kwa kilo. Wapo pia wa maboksi na karatasi nyeupe. Muulizeni anataka aina gani, anakuja siku gani, na kwa uzito usiopungua kiasi gani. Tengeni kona kavu ya kuweka viroba, jambo hilo liingie kwenye mkataba wa usafi, na fedha za mauzo wapewe wafanya usafi wenyewe. Hakuna motisha ya bei nafuu kuliko hiyo.

Kisha ondoeni vikapu vilivyo chini ya meza. Watu watanung'unika, lakini kikapu kilicho karibu na mguu hupokea kila kitu. Mapipa matatu yakae pamoja, kwa sababu la taka nyingine likisimama peke yake, vyote vitaishia humo. Mfuniko wa pipa la karatasi uwe na mwanya mwembamba, wa chupa uwe na tundu la duara la sentimita 10 hivi. Pembeni wekeni ndoo ya kumwagia mabaki ya chai na soda: nusu kikombe cha chai huharibu kiroba kizima, na karatasi mbichi mnunuzi haitaki. Risiti za EFD (mashine ya kodi), vikombe vya karatasi vya kahawa (ndani vina plastiki) na boksi la chipsi lenye mafuta visiingie kwenye karatasi.

Sasa zawadi. Anayetuzwa kwa wingi wa chupa ataleta za nyumbani, na ataendelea kununua maji ya chupa. Tuzeni kupungua. Kwa siku tano za kwanza pimeni viroba kila jioni kwa mizani ya kuning'iniza, mwandike uzito wa taka zilizochanganyika kwa kila idara. Baada ya hapo, kila Jumatatu bandikeni uzito wa wiki ile ya kwanza na wa wiki iliyopita. Idara iliyopunguza zaidi kwa mwezi inunuliwe chakula cha mchana, wote pamoja.

Printa ipangwe ichape pande mbili bila kuombwa. Rimu moja ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa kilo 2.5, rimu 20 kwa mwezi ni kilo 50 za karatasi. Chupa kubwa ya maji ya lita 18.9 inatosha kujaza chupa 37 za nusu lita. Lakini meza ya mkutano wa wakuu ikiendelea kupangwa chupa ndogo, wa chini hawatawasikiliza.

SWALI: Afisi yetu ina kantini. Ni lazima kutenga mabaki ya chakula?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndiyo. Sheria ya Kenya ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inazitaka taasisi za umma na za binafsi kutenganisha taka zinazooza na zisizooza. Tumieni ndoo yenye mfuniko, mnyunyize vumbi la mbao kila mnapotia mabaki, na imwagwe kila siku. Vijiti vya meno na karatasi za foili visiingie, ama anayetengeneza mboji atawarudishia ndoo ilivyo.