Maswali yenu ya mwaka 2020 kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya: mawazo, matanga na vidonge

Ipo dawa ya kuondoa mawazo? (Kakuma 1)

Hapana. Na hiyo diazepamu unayouziwa sokoni kidonge kimoja kimoja itakulaza wiki chache, kisha utashindwa kulala bila yake. Nimelijibu hili hadi nimechoka.

Nikionekana kwa mshauri nasaha, kesi yangu ya kuhamishiwa nchi ya tatu itafutwa?

Tangu safari za wakimbizi kwenda huko ziliposimamishwa Machi 2020 kwa sababu ya corona, swali hili halikuisha. Zilitangazwa kuanza tena Juni, lakini aliyekwisha kuuza godoro na masufuria akingoja ndege, usingizi hauwezi kumrudia kwa tangazo. Huzuni, kukosa usingizi, kumeza dawa ya sonona: hakuna hata kimoja kinachofuta kesi. Madaktari wanaowapima wakimbizi kabla ya safari hujali zaidi kama mtu anajidhuru au anadhuru wengine, na aliyetibiwa akatulia ana hali nzuri kuliko aliyeficha. Wanaowaambia vingine wanauza uvumi.

Kijana wangu ana kifafa. Fenobabitali imebaki ya siku nne. Naogopa corona kliniki, kwa hiyo nampa nusu kidonge.

Mama, rudisha kipimo kamili leo. Dawa hii ikikatwa au kupunguzwa ghafla, kifafa hurudi kwa mfululizo, na huo ndio unaoua. Nenda asubuhi na mapema, umevaa barakoa, ubebe pakiti tupu na kadi yake, na uombe dawa ya miezi miwili au zaidi ili usipange foleni kila mara. Akianguka, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa. Zikipita dakika tano bila kutulia, ita ambulensi.

Mama yetu amefariki Kivu, Kongo. Hatuwezi kusafiri, na matanga yamezuiwa. Tufanyeje? (Kalobeyei, makazi ya wakimbizi jirani na Kakuma)

Poleni sana. Kilichowekewa mpaka mwaka huo wa 2020 kilikuwa idadi: watu 15 kwenye mazishi, wakae mita moja na nusu. Matanga hayakuzuiwa, yalibanwa. Basi yagaweni. Leo jirani wa bloku, kesho wa kanisa, keshokutwa wa ukoo, kila kundi saa moja, nje, chini ya mti. Mwenye kuleta maji alete, mwenye makaa alete; aweke mlangoni, asalimie kwa sauti. Walio mbali warekodi neno lao kwa simu, lisikilizwe jioni pamoja. Msimharakishe mtu kuacha kulia. Viongozi wa bloku wanaotawanya watu wanne waliokaa vizuri wanalinda nini hasa?

Jirani anasema amechoka kuishi. Nikimuuliza wazi, si nitamtia wazo?

Hapana. Muulize hivi hivi: "Ndugu, unafikiria kujiua?" Kuuliza hakupandi mbegu, humpa nafasi ya kutua mzigo. Kisha angalia hali yake, msikilize, muunganishe na msaada, kwa mpangilio huo. Wengi wetu tunaruka moja kwa moja kwenye mahubiri, tunamwambia ana dhambi, naye ananyamaza.

Akijibu ndiyo, uliza kama amepanga njia na kama anayo. Ondoa kamba, dawa ya panya na vidonge. Dawa ya sonona, amitriptilini, ya mwezi mzima ikimezwa kwa mkupuo huweza kusimamisha moyo, kwa hiyo ndugu mmoja aishike, ampe cha siku moja tu. Asilale peke yake usiku huo. Mkae mlango wazi, barakoa usoni. Asubuhi msindikizeni kliniki, si kumwelekeza tu. Mkikosa mtu wa kuwaongoza, pigeni 1199 ya Msalaba Mwekundu, bila malipo.

Msimpeleke polisi kwanza. Sheria ya Kenya, kifungu cha 226, mwaka 2020 ilikuwa bado inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, na hiyo ilikuwa sababu kubwa ya watu kufunga mdomo mpaka imechelewa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha katiba.

Shangazi yuko karantini siku 14. Tukimpigia, analia tu. Tuache?

Msiache. Mpigieni saa ile ile kila siku, asubuhi na jioni, hata dakika tatu. Anayejua simu inakuja saa mbili ana cha kushikilia. Msimuulize corona kila mara, mwulizeni alichokula, mpeni habari za mbuzi. Akibanwa kifua kwa hofu, hesabuni naye: vuta pumzi tumboni hadi tatu, toa hadi tatu, kwa dakika chache. Kredit mnunulie nyinyi. Pelekeni na chaja ya sola, kwa sababu simu ikizima siku ya tatu, wote wawili mtaanza kuwaza mabaya.