Tenerife na watoto: zaidi ya kuogelea

Dada, umeuliza mtafanya nini Tenerife, kile kisiwa cha Hispania, wiki nzima na watoto zaidi ya kuogelea. Teide msiikose! Volkano ya mita 3,715, na gari la kamba linawafikisha mita 3,555. Bebeni masweta, ufukweni mnatoka jasho, kule juu meno yanagongana.

Ufukwe wangu ni Las Teresitas. Mchanga wake wa dhahabu uliletwa kwa meli kutoka Sahara, na ukuta wa mawe unazuia mawimbi. Fukwe nyingine nyingi ni nyeusi, jua likiwaka nyayo zinaungua, kwa hiyo kandambili ni lazima.

Jioni agizeni viazi vidogo vilivyochemshwa na maganda mpaka chumvi ikaganda nyeupe, mchovye kwenye mojo, mchuzi mzito wa huko. Wanangu walimaliza sahani mbili.