Jibu: Mechi za Kim Garth hazilingani

Salaam mkuu. Umeuliza kwa nini ukurasa wa takwimu wa Ayalandi unaonyesha mechi pungufu kuliko jumla ya Kim Garth, mchezaji wa kriketi. Angalia kwanza umechagua timu gani, maana amechezea nchi mbili. Ayalandi ilimwita 2010 akiwa na miaka 14, akaichezea hadi 2019. Mwaka 2020 alihamia timu ya Victoria, jimbo la Australia, na Desemba 2022 akavaa jezi ya Australia dhidi ya India, kwenye T20 (mechi fupi ya ova 20 kila upande). Pengo hilo la 2019 hadi 2022 si majeraha, ni kanuni ya kubadili nchi: unasubiri miaka 3. Kwa hiyo jumlisha mechi za nchi zote mbili, lakini za ODI (mechi za siku moja za ova 50) na T20 tu. Test (mechi za siku kadhaa) usizitafute Ayalandi; wanawake wao walicheza moja na Pakistan mwaka 2000, yeye bado mtoto. Test zake zilianza 2023 akiwa na Australia, kwenye uwanja wa Trent Bridge, Uingereza.